Yai Lililonasa Kibofuni

Wilaya ya Kishapu ilimegwa kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002 na makao yake makuu yakawekwa Mhunze. Ni nchi ya pamba, mtama na mifugo, na sehemu kubwa ya udongo wake ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania miguu wakati wa masika. Maji hapa ni ya kutegemea mvua. Ikinyesha, yanajaa kwenye malambo, majaruba ya mpunga na madimbwi ya kando ya barabara. Ng'ombe wanakunywa humo, akina mama wanafulia humo, watoto wanaogelea humo. Mvua ikikata, hubaki tope, halafu vumbi.

Katika maji hayo anaishi konokono mdogo wa jenasi ya Bulinus. Ukimshika ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo wake ukikutazama, mdomo huo utauona upande wa kushoto. Ndivyo watafiti wanavyomtambua upesi wakiwa lamboni. Maji yakikauka wengi hufa, lakini baadhi hujifukia kwenye tope na kulala humo miezi mpaka mvua irudi. Gerald Webbe, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi Mwanza, aliwafuatilia konokono wa Usukuma, na mwaka 1962 alichapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani maelezo ya jinsi kichocho cha mkojo kinavyoenea katika Jimbo la Ziwa. Taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mwanza wakati huo ndiyo iliyokuja kuwa kituo cha Mwanza cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Malambo yenyewe yana historia yake. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 na kuendeshwa kutoka Malya, ulichimba malambo mengi ili mifugo ipate maji karibu. Nia ilikuwa njema, na ng'ombe walinywa. Konokono nao wakapata makazi.

Lakini nisemayo leo hayaishii majini. Kuna swali lililowashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 100: mtu akiugua kichocho, ni nani hasa anayemuumiza? Jibu lake limepatikana kidogo kidogo, na sehemu nzuri ya jibu hilo imetoka kwenye damu ya watu wa Afrika Mashariki.

Mnyoo wa kichocho alionekana mapema. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akipasua maiti katika hospitali ya Qasr al-Ayni mjini Cairo, alimkuta ndani ya mishipa ya damu. Mwaka 1915 Robert Leiper, akiwa hukohuko Misri, alionyesha kwamba mnyoo huyo hupitia kwa konokono. Vijidudu vyenye mkia hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya mtu aliye majini, husafiri na damu kupitia mapafu na ini, na mwishowe dume na jike hutulia, jike akiwa amekumbatiwa na dume, katika mishipa inayokizunguka kibofu. Huko huishi miaka.

Cha kushangaza ni kwamba minyoo hao wawili, walio hai katikati ya damu, hawaguswi. Mwaka 1971 J. A. Clegg, S. R. Smithers na R. J. Terry walieleza sababu mojawapo: mnyoo hujipaka molekuli za mwenyeji wake, zikiwemo zile zinazotambulisha kundi la damu. Kinga ikipita inaona kitu cha nyumbani. Basi balaa halitoki kwa wazazi. Linatoka kwa mayai.

Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa karibu sehemu ya saba ya milimita na mwiba mmoja mkiani. Safari yake ni fupi: litoke kwenye mshipa, lipenye ukuta wa kibofu, lidondokee kwenye mkojo, lirudi majini. Mayai mengi hayafiki. Hunasa ukutani, na yai lililonasa hubaki hai wiki kadhaa, kijidudu kilichomo kikijigeuza na protini zikivuja kupitia matundu madogo ya ganda. Protini hizo ndizo zinazoziita seli nyeupe za damu.

Jinsi zinavyoitwa, na jinsi zinavyofika, ni hadithi iliyoanza mbali na kichocho. Mwaka 1867 Julius Cohnheim, kijana aliyefanya kazi Berlin chini ya Rudolf Virchow, alitandaza utando wa tumbo la chura hai chini ya hadubini na kuutazama ukivimba. Wakati huo wataalamu wengi, Virchow akiwa mmoja wao, waliamini kwamba usaha huzaliwa palepale penye kidonda. Cohnheim aliona vingine. Ndani ya kimshipa chembamba, seli nyeupe zilipunguza mwendo, zikaanza kubingirika pembezoni mwa ukuta, zikasimama. Kisha, polepole mno, seli moja ilichomoza kidole upande wa nje wa ukuta, kidole kikanenepa, na baada ya muda seli nzima ikawa nje ya mshipa. Augustus Waller alikuwa ameona jambo kama hilo mwaka 1846, lakini ni Cohnheim aliyelifanya lisipingike. Usaha ni seli zilizotoka kwenye damu kwa miguu yao.

Swali lililofuata ni nani amezielekeza. Ilya Metchnikoff, mwishoni mwa mwaka 1882 huko Messina, alichoma miiba ya waridi kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, na kesho yake akakuta seli zimeizunguka miiba. Mwaka 1888 Theodor Leber, daktari wa macho, aliona seli nyeupe zikikusanyika kwenye konea yenye ukungu, mahali pasipo na mshipa hata mmoja wa damu. Akahitimisha kwamba kuna kemikali inayosambaa kutoka penye maambukizi na kwamba seli huifuata. Hakuna aliyejua ni kemikali gani, na ilichukua karibu miaka 100 kuipata. Mwaka 1962 Stephen Boyden, akiwa Australia, alibuni kifaa chenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na kichujio: unaweka seli juu, unaweka kinachoshukiwa chini, unahesabu ngapi zimepenya. Kifaa sahili sana, na mpaka leo kinatumika. Mwaka 1987 maabara za Marekani na Uswisi zilitenga protini ndogo inayozivuta seli ziitwazo nyutrofili. Nyingine zikafuata, na jamii nzima ikapewa jina la kemokini.

Msomaji wa Shinyanga ana njia ya karibu ya kulielewa jambo hili. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe hupigwa, Wasukuma wanaliita mwano; anayelisikia analipokea na kulipiga upya kuelekea kijiji cha pili, na wanaume wanatoka na kufuata upande ambako sauti ni kubwa zaidi. Sungusungu, iliyoanza pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilisimama juu ya utaratibu huo. Mwilini pia wa kwanza kuguswa ni mkazi wa palepale, yaani makrofaji na seli nyingine zilizokuwa ndani ya nyama tangu awali. Hizo hutoa kemikali za ujumbe ziitwazo saitokini, kama TNF, ambazo huuambia ukuta wa mshipa wa jirani ujiandae. Ukuta unaotesha selektini, vishikizo vinavyopunguza mwendo wa seli nyeupe hadi zinabingirika. Kemokini zilizoganda kwenye ukuta huigusa seli inayobingirika, na papo hapo vishikizo vyake yenyewe, integrini, hukaza. Seli inasimama, inajinyoosha, inapenya, halafu inafuata kemokini kwenda pale zilipo nyingi.

Kila hatua ina ulazima wake. Wapo watoto wachache duniani wanaozaliwa na kasoro ya integrini. Damu yao imejaa seli nyeupe kuliko kawaida, lakini vidonda vyao havitungi usaha, na kitovu huchelewa kudondoka. Seli zipo, wito upo, mlango hauwezi kupitwa. Bila tiba kubwa, wengi wao hufa kwa maambukizi wakiwa wadogo.

Turudi kwenye yai. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Franz von Lichtenberg aliwadunga panya mayai ya kichocho cha tumbo, aina nyingine ya ugonjwa huu, na kufuatilia kilichotokea kila yai liliponasa. Kidonge cha seli kililizunguka: makrofaji, limfosaiti, na kwa wingi eosinofili, seli ambazo Paul Ehrlich alikuwa amezitambua mwaka 1879 kwa kuwa zilinywa rangi nyekundu ya eosini. Kidonge hicho kinaitwa granuloma, na chaweza kuwa kikubwa mara nyingi kuliko yai lenyewe. Mwaka 1967 Kenneth Warren na wenzake waliongeza jambo zito zaidi. Panya aliyewahi kukutana na mayai alitengeneza granuloma upesi na kubwa zaidi, na kumbukumbu hiyo iliweza kuhamishiwa kwa panya mwingine kwa kumpa seli za kinga, lakini si kwa kumpa majimaji ya damu. Maana yake ni kwamba kovu la kichocho ni kazi ya seli za mgonjwa mwenyewe, zinazokumbuka na kuitana.

Baada ya hapo wito wenyewe ulianza kupewa majina. Mwaka 1992 kundi la James McKerrow huko California lilitumia panya wasio na limfosaiti, ambao hawawezi kutengeneza granuloma ya maana. Walipowapa TNF, granuloma zilirudi. Mwaka 1994 maabara ya Timothy Williams mjini London iligundua eotaksini, kemokini inayoziita eosinofili hasa. Mwaka 1999 ikaonyeshwa katika panya kwamba saitokini iitwayo IL-13 ndiyo inayoamuru makovu. Na mwaka 2005 Philip Smith, Padraic Fallon na wenzao walikuta kwamba yai la kichocho cha tumbo hutoa protini inayozikamata kemokini na kuzuia nyutrofili zisifike. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi unaostaajabisha kuliko yote: yai linaita, na wakati huohuo linachagua nani asisikie. Nyutrofili zikizuiwa, eosinofili na makrofaji bado zinakuja.

Kwa nini yai litake kuzungukwa? Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia.

Katika miaka ya 1970 Anthony Butterworth na wenzake walifanya kazi Kenya wakitumia damu ya wagonjwa wa kichocho. Waliwachukua minyoo wachanga, wale ambao wametoka tu kupoteza mkia, wakawatia alama ya mionzi, kisha wakawaweka katika kichupa pamoja na seli nyeupe na majimaji ya damu ya watu waliokwisha kuambukizwa. Mnyoo akiumia, alama huvuja na kupimika. Mwaka 1974 walitangaza kwamba minyoo hao wanaumia. Mwaka 1975 walimtaja mhusika: eosinofili. Walipoziondoa, uharibifu ukakoma. Seli ambayo kwa karibu karne nzima vitabu viliihusisha na mzio na minyoo bila kueleza kazi yake, sasa ilionekana ikiganda juu ya kimelea na kukimwagia sumu yake, mradi kingamwili zimetangulia kukitia alama.

Baadaye, katika miaka ya 1980, Butterworth pamoja na John Ouma wa wizara ya afya ya Kenya waliwafuatilia watoto wa Machakos baada ya kuwatibu. Baadhi waliambukizwa tena upesi, wengine la, ingawa wote waliendelea kuingia maji yaleyale. Kadiri umri ulivyopanda, kinga ilionekana kujengeka. Ni kinga ya polepole, ya miaka, nayo hailingani na ile ya surua ambayo ukiugua mara moja umemaliza.

Kisha Kisumu. Kulikuwa na vijana waliokuwa wakiosha magari wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Victoria, maji magotini, siku nzima, kila siku. Diana Karanja wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, Evan Secor na wenzao waliwafuatilia miaka mingi, wakiwatibu kila walipoambukizwa. Mwaka 2002 waliripoti kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa na kuambukizwa tena na tena, walianza kukaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Lakini jambo walilolichapisha mwaka 1997 ndilo linalojibu swali letu. Miongoni mwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya, wale waliokuwa na virusi vya ukimwi walitoa mayai machache zaidi kwenye choo kuliko wenzao, ingawa dalili za damuni zilionyesha kuwa minyoo wapo. Kwa panya jambo hilo lilikwisha kuonekana. Sasa lilionekana kwa binadamu. Yai haliwezi kujisukuma lenyewe. Linazihitaji seli nyeupe zije zilizunguke, ziilainishe nyama ya jirani, zilisogeze mpaka litoke. Mnyoo ameifanya kinga yetu kuwa mchukuzi wa mayai yake.

Naomba msomaji atulie hapo. Wito uleule unaoleta seli za kutoa yai ndio unaoacha kovu pale yai lisipotoka. Kwa hiyo haitoshi kuunyamazisha. Mwaka 1997 ilionyeshwa pia kwamba panya wasio na saitokini ya IL-4, ambayo hutuliza sehemu ya wito huo, hudhoofika na kufa wakiambukizwa kichocho cha tumbo. Granuloma hulinda nyama dhidi ya sumu ya yai. Kisha, miaka ikipita na mayai yakiongezeka, ulinzi huo unakuwa ndio ugonjwa.

Na ugonjwa huo Mhunze unaonekana kwa macho. Mtoto anakojoa, mkojo unaanza wa kawaida, na matone ya mwisho yanatoka mekundu, kwa sababu kibofu kikijikamua mwishoni ndipo kinapobana sehemu zenye vidonda. Miaka ikipita ukuta wa kibofu unakuwa mgumu, mirija inayotoka kwenye figo inaziba, na figo zinaelemewa. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa ajili ya saratani ya kibofu: seli zinazojeruhiwa na kujijenga upya miaka nenda rudi mwishowe hukosea.

Kwa wanawake mayai hunasa pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni. Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao wa Marekani, wakiongozwa na Jennifer Downs, waliripoti kwamba katika vijiji vya karibu na Ziwa Victoria wanawake wenye kichocho cha mkojo walikuwa na virusi vya ukimwi zaidi kuliko wengine. Si kila utafiti uliofuata umeuona uhusiano huo. Lakini njia yake inaeleweka: yai linaziita limfosaiti za CD4 mahali penye kidonda, na hizo ndizo seli ambazo virusi hivyo huzitafuta. Mwanamke mwenye kichocho hicho mara nyingi hutibiwa kama mwenye ugonjwa wa zinaa, dawa hazimsaidii, na aibu inamkalia bure. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Dawa zilianza kwa ukali. Mwaka 1918 J. B. Christopherson, akiwa Khartoum, alitangaza mafanikio ya sindano za antimoni, zilizotibu na pia kutesa. Prazikwanteli, iliyopatikana miaka ya 1970, ilibadilisha mambo: vidonge vya kumeza, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na shuleni mtoto husimamishwa kando ya fimbo yenye alama ili urefu wake uonyeshe ameze vidonge vingapi. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi 6 za kwanza katika mpango wa kimataifa wa kudhibiti kichocho ulioanza mwaka 2002. Dawa hiyo humlegeza mnyoo na kulipasua lile vazi lake la kujificha, na kinga inamwona. Haiui mayai yaliyokwisha kunasa wala haizuii kuambukizwa upya. Hata hivyo, mtoto akitibiwa mapema, vidonda vingi vya kibofu hupona katika miezi michache, kwa kuwa hakuna mayai mapya ya kuita. Kovu la mtu mzima aliyekaa na ugonjwa miaka 20 haliondoki hivyo.

Upande wa Geita na Sengerema, kandokando ya ziwa, kichocho kinachotamba ni kile cha tumbo, chenye konokono mwingine, na mayai hunasa kwenye ini na utumbo. Wito ni uleule. Familia nyingi za Wasukuma zilihama kutoka mashariki kwenda Geita kutafuta ardhi ya pamba na malisho, na baadaye dhahabu, zikaacha maji ya kichocho kimoja na kuingia ya kingine.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mahali ambapo watu 10 kati ya 100 au zaidi wameambukizwa, dawa itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Vidonge vikiishia shuleni, mchunga ng'ombe asiyesoma anabaki nje, mama anayefua lamboni anabaki nje, na mayai yao yanarudi kwa konokono. Kwa hiyo mzazi wa Mhunze, mtoto akikojoa damu usiseme anakua. Mpeleke zahanati kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na mkojo wake upimwe siku hiyohiyo. Na ukiwa unampeleka, nenda nawe ukapimwe.